Kibarua: Mtu na Karatasi Yake

Gazeti likitaka kusema kocha amefukuzwa, huandika kwamba kibarua chake kimeota nyasi. Timu ikipangwa kucheza ugenini na wapinzani wagumu, ina kibarua kizito. Waziri aliyeapishwa jana ana kibarua cha kumaliza mgao wa umeme. Na asubuhi hiyohiyo, kwenye ghorofa linalojengwa jirani na ofisi ya gazeti, kijana anapandisha karai la zege begani, naye anaitwa kibarua.

Kocha ana kibarua. Kijana ni kibarua. Sarufi yetu inawatenganisha bila kusita: kibarua cha kocha kimeota nyasi, lakini kibarua wa zege ameanguka. Cha kocha ni kitu, na kitu kinaweza kupotea mwenyewe akabaki mzima, akaenda kutafuta kingine. Wa zege ni mtu aliyepewa jina la kitu. Nataka kueleza mtu huyo alilipataje jina hilo, kwa sababu njia lililopitia ndiyo njia ambayo kazi ya kulipwa iliingilia katika nchi zetu.

Neno lenyewe ni barua iliyofanywa ndogo. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, iliyotoka chini ya kamati ya lugha ya serikali za kikoloni za Afrika Mashariki, inalieleza hivyo: kibarua ni mtu wa kazi ya kutwa, na ameitwa hivyo kutokana na kijikaratasi alichopewa kwa kila siku aliyofanya kazi. Karatasi ilitangulia, mtu akafuata. Aliyeshika kibarua akawa kibarua.

Mahali pa kulitazama neno hili likibadilika ni Unguja ya karne ya 19. Wamarekani walifunga mkataba wa biashara na Seyyid Said mwaka 1833, na meli za Salem, Massachusetts, zikawa zinaleta kitambaa ambacho mpaka leo tunakiita merikani. Baada yao zikaja nyumba za biashara za Wafaransa, za Waingereza na za Wajerumani wa Hamburg. Walichokuja kuchukua kilikuwa pembe za ndovu, karafuu, ngozi, sandarusi na makauri. Mizigo hiyo yote ilitaka mikono: kuosha na kuchambua sandarusi, kufunga, kupima, kubeba mpaka ufukweni, kupakia mashuani. Lakini haikutaka mikono hiyo kila siku. Meli ikiwa bandarini, watu hawatoshi. Ikishaondoka, ghala linakaa kimya wiki nzima. Mfanyabiashara hakuwa tayari kumlisha mtu ambaye siku hiyo hana kazi ya kumpa.

Wenye mikono walikuwa watumwa wa watu wengine. Mwingereza alikatazwa na sheria ya kwao kumiliki mtumwa, lakini hapakuwa na kilichomzuia kumlipa ujira wa kutwa mtumwa wa jirani yake. Basi mtumwa alikwenda mjini asubuhi, akasimama penye ghala, akachaguliwa, akafanya kazi, na jioni akapewa kijikaratasi cha kuonyesha kwamba siku ile ameifanya. Fedha alizopata kwa karatasi hiyo hazikuwa zake zote. Sehemu, mara nyingi nusu, ilikwenda kwa bwana wake.

Hapa mtu anaweza kupita haraka na kusema ni utumwa tu uliobadilishwa nguo. Mimi sioni hivyo, na sidhani waliokuwa wakiishi maisha yale waliona hivyo. Nusu iliyobaki ilikuwa fedha mkononi mwa mtu ambaye kisheria yeye mwenyewe alikuwa mali. Baadhi yao walikaa mbali na mabwana zao, katika vibanda vya Ng'ambo, upande wa pili wa mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe. Walichagua siku ya kwenda na siku ya kutokwenda, ilimradi fungu la bwana lilifika. Sheria ya Kiislamu ilimruhusu mtumwa kuandikiana na bwana wake ajikomboe kwa malipo, na malipo hayo hayana pa kutoka ila kwenye kazi ya nje. Kwa hiyo kijikaratasi kile kilikuwa na nyuso mbili tangu siku ya kwanza. Kilimhesabu mtu kwa niaba ya wengine, na papo hapo kilimpa upenyo mdogo ambao shamba la mikarafuu halikumpa.

Utumwa ulipoondolewa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, neno halikuondoka. Lilikuwa limekwisha kushika maana yake mpya: mtu anayeuza siku yake moja, akalipwa, na kesho akaanza upya.

Bara karatasi ilikuwa kubwa zaidi, na ilikaa muda mrefu zaidi mkononi. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf alipata miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika Tanganyika ikiwa hai ilikuwa 62. Kutoka miche hiyo 62 yalizaliwa mashamba ya Pangani, Tanga, Korogwe na yale yaliyofuata reli. Mwaka 1898 ikaja kodi ya nyumba, ambayo ilimtaka mtu apate fedha atake asitake. Hivyo viwili, shamba linalotaka watu na kodi inayowasukuma, vilikutana kwenye kitu kilichoitwa kipande.

Kipande cha mashamba ya Tanganyika kilikuwa kadi yenye nafasi 30. Kila asubuhi nyapara aliita watu, akawagawia ngwe: safu kadhaa za kupalilia, au idadi fulani ya mafungu ya majani ya mkonge ya kukata na kufunga. Ukimaliza ngwe yako, siku yako inatiwa alama. Usipomaliza, alama hakuna, hata kama umeshinda shambani mpaka magharibi. Mvua ikikatisha kazi, alama hakuna. Ukiugua, ukifiwa, alama hakuna. Nafasi 30 zikijaa ndipo ulipwe, na zilitakiwa zijae ndani ya siku 42.

Nimeitazama hesabu hiyo mara nyingi na kila mara naona jinsi ilivyopangwa kwa akili. Mwezi wa mkonge haukuandama angani wala haukuwa kwenye kalenda. Uliisha siku alama ya 30 ilipotiwa. Mtu aliyefanya kazi nusu ya ngwe kwa siku mbili alikuwa amelitumikia shamba siku nzima bila malipo. Lakini zile siku 12 za ziada zilikuwa na thamani yake pia. Mtu wa Tanga mwenye shamba lake la mahindi na muhogo aliweza kulima kwake siku hizo, na wengi waliokaa karibu na mashamba ya mkonge walikipendelea kipande kwa sababu hiyohiyo. Wenye mashamba walilalamika kwamba hawa hawategemeki. Walitaka watu wasio na pa kurudi jioni.

Waliwapata mbali: Buha, Songea, Ruanda-Urundi, ng'ambo ya mto Ruvuma kwa Wamakonde wa Msumbiji. Kila aliyeandikishwa alipewa namba, akapandishwa garimoshi au lori, akapelekwa pwani kwa mkataba wa muda mrefu. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao wenyewe ya kuandikisha watu, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Watu hao ndio walioitwa manamba. Ukimsikia Mtanzania leo anasema anafanyishwa kazi kama manamba, anamaanisha kutumikishwa pasipo kuulizwa jina. Nairobi neno hilohilo limekwenda kwa vijana wanaoita abiria wa matatu, na huko halina uchungu wowote. Kwa wazee wa Kigoma waliorudi na masanduku yao ya mbao, lilikuwa na uchungu.

Kibarua, kipande, namba. Kila mara mwenye kazi alimpa mtu kitu cha kumhesabia, na kila mara watu walimwita mtu kwa kitu hicho. Sijui lugha yetu ingeweza kusema kwa uwazi zaidi nini kilikuwa kinafanyika.

Kenya kipande kilikuwa jambo jingine, kali zaidi. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1915, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ikaanza kutekelezwa kwa nguvu. Kila mwanamume Mwafrika mwenye miaka 16 na zaidi alitakiwa kuwa na hati yenye alama za vidole, jina la aliyemwajiri na mshahara aliolipwa. Hati iliwekwa ndani ya kijaluba cha chuma, kikavaliwa shingoni kwa kamba. Wakikuyu walikifananisha na kengele ya mbuzi. Mwajiri mpya alisoma mshahara wa zamani, na hakuwa na sababu ya kuongeza. Mwajiri wa zamani asipotia sahihi kwamba amekuachia, ulikuwa mtoro, na utoro ulikuwa kosa la jinai. Sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1906 ilikwisha kulifanya hivyo: aliyevunja mkataba wa kazi hakudaiwa fidia, alifungwa.

Harry Thuku na wenzake wa East African Association walipinga kipande, kodi na kupunguzwa kwa mishahara mwaka 1921. Alipokamatwa Machi 1922, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi, Muthoni Nyanjiru akiwa miongoni mwa wanawake waliowasukuma wanaume wasonge mbele. Polisi wakafyatua risasi. Serikali yenyewe ilikiri kwamba waliokufa walipita 20. Hati ya shingoni iliondolewa baada ya Vita vya Pili, ila jina halikuondoka: Mkenya akisimamishwa usiku leo, kitambulisho chake cha taifa bado huitwa kipande.

Sasa turudi pwani, maana hapo ndipo kibarua alipofanya jambo ambalo mtu wa kipande hakuweza kulifanya.

Gati za maji marefu za Kilindini zilianza kutumika mwaka 1926. Kama Unguja ya zamani, bandari iliishi kwa kusubiri meli, na makampuni ya kupakua mizigo yalichukua vibarua kwa siku. Mkuu wa kundi, serang'i, alikusanya watu wake alfajiri. Magunia ya kahawa, ya sukari, ya saruji yalipita migongoni mwao mpaka jua likazama. Ujira wa siku moja gatini ulikuwa mzuri kuliko wa mtu wa mwezi akiugawa kwa siku zake, na wengi hawakwenda kila siku. Walifanya kazi siku kadhaa, wakapumzika, wakaenda shamba au kuvua, wakarudi. Maofisa wa serikali waliandika kwamba hawa ni wavivu.

Mtu aliyebeba magunia kutwa nzima siku tatu mfululizo hana haja ya kutetewa juu ya uvivu. Lakini ukiacha tusi hilo, maofisa walikuwa wameona kitu cha kweli. Kibarua hakuwa na mkataba wa kuuvunja. Mkataba wake ulikwisha jana jioni. Asipotokea leo, hakimu hana shitaka la kumsomea. Ile sheria iliyomfunga mtumishi aliyeacha kazi haikuwa na pa kumshikia mtu ambaye kila alfajiri alikuwa huru. Mfumo uliopangwa ili mwajiri asiwe na deni lolote kwa mfanyakazi ulikuwa umemwachia mfanyakazi naye asiwe na deni lolote kwa mwajiri.

Makuli, ndio hao vibarua wa bandari ya Mombasa, waligoma mwaka 1934. Wakagoma tena mwaka 1939, pamoja na watu wa kazi nyingine mjini. Kisha tarehe 13 Januari 1947 mji mzima ukasimama: bandari, reli, mahoteli, nyumba za Wazungu ambako maboi na wapishi hawakuonekana jikoni. Wagomaji walifika kama 15,000. Walikutana kila siku kwenye uwanja wa mpira waliouita Kiwanja cha Maskini, na kwa siku 12 maneno yaliyosemwa uwanjani hapo yalikuwa na uzito kuliko ya mkuu wa jimbo. Humo ndimo lilimozaliwa shirikisho la wafanyakazi Waafrika, na Chege Kibachia akawa kiongozi wake. Serikali iliunda baraza chini ya Ransley Thacker, yule aliyekuja kumhukumu Jomo Kenyatta Kapenguria, na mishahara ikapandishwa. Agosti mwaka huohuo Kibachia alikamatwa na kupelekwa kizuizini Baringo.

Dar es Salaam bandari iligoma mwaka 1947 pia, na mgomo ukafuata reli kwenda bara. Unguja ikagoma mwaka 1948. Mgomo huo ndio kiini cha riwaya ya Kuli ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1979 na ambayo wanafunzi wengi wameisoma bila kuambiwa kwamba tukio lenyewe lilikuwa la kweli.

Baada ya hapo wakubwa walibadili wimbo. Wale waliokuwa wanasema kazi ya kutwa inamfaa Mwafrika wakaanza kusema inamharibu. Miaka ya 1950 bandari ya Mombasa iliandikisha watu wake, ikawapa idadi maalumu ya siku za kuhudhuria, na asiyehudhuria akafutwa daftarini. Vibarua wakawa wafanyakazi. Mshahara ulipanda, hasa baada ya mgomo wa Machi 1955 ambao Tom Mboya alisaidia kuupatanisha, na chama chao kikawa na nguvu. Familia nyingi za Mombasa zilisomesha watoto kwa mishahara hiyo, na hilo ni jambo jema kabisa. Ila lango lilifungwa. Waliokuwa ndani walipata maisha. Waliobaki nje walipoteza hata ile siku moja moja. Uhuru wa kuchagua siku ukaondoka pamoja na njaa ya kukosa siku.

Serikali huru nazo zilipenda karatasi. Mwaka 1983 Tanzania ilipitisha sheria iliyojulikana zaidi kwa jina la Nguvu Kazi. Dar es Salaam watu walisimamishwa barabarani waonyeshe uthibitisho kwamba wana kazi, na walioshindwa walirudishwa vijijini wakalime. Mama aliyekuwa akiuza maandazi alikuwa na kazi tangu saa kumi alfajiri. Alichokosa ni kadi. Desemba 2018 wafanyabiashara wadogo walipewa vitambulisho kwa shilingi 20,000, wasibughudhiwe tena na mgambo. Wamachinga wengi waliona ni nafuu, nami nawaelewa. Karatasi inayokulinda ni bora kuliko inayokushitaki, ingawa zote mbili zinakubaliana kwamba bila karatasi kazi yako haionekani.

Na kibarua mwenyewe? Mtazame siku ya kumwaga zege la ghorofa, maana siku hiyo haiwezi kukatishwa: zege likishakorogwa haliwezi kusubiri kesho. Alfajiri watu wako langoni, wengine bila kuwa na hakika ya kuchukuliwa. Tanzania huyu ni saidia fundi, Kenya ni mtu wa mkono au mtu wa mjengo. Wawili wanapasua mifuko ya saruji ya kilo 50, wanne wanakoroga kwa koleo mchanga, kokoto na maji, wengine wamejipanga kwenye ngazi ya mbao wakipokezana makarai. Malipo huhesabiwa kwa siku, au kwa mifuko iliyokorogwa. Karai likishapita begani mara mia, saruji inaunguza ngozi ya shingo pale jasho linapoiyeyusha, ndiyo maana wazoefu hufunga kitambaa au kipande cha mfuko wenyewe. Hakuna anayejua kama kesho ataitwa. Uhuru wa kuchagua siku, ule wa kuli wa mwaka 1947, hana; mia wengine wako nje ya uzio.

Huenda hii ndiyo sababu tuliozoea kukaa ofisini tunalipenda neno hili. Meneja wa benki akipigiwa simu mchana hujibu, "Nipo kibaruani." Ni unyenyekevu wa Kiswahili, namna ya kutojikweza mbele ya mwenzako, na unatoka kwenye ukweli kwamba hata mshahara wa mwezi unaweza kuota nyasi. Silipingi. Ningependa tu tukumbuke kwamba tumeliazima kwa mtu ambaye bado analihitaji.

Sheria zetu zinamjua, kwa namna tofauti. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja aina tatu za mikataba: ya muda usiotajwa, ya muda maalumu, na ya kazi maalumu. Kibarua anajibanza katika hii ya tatu. Kenya imemtaja waziwazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema kibarua ni yule anayelipwa mwisho wa siku na asiyechukuliwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Kisha kifungu cha 37 kinaweka mpaka: akifanya kazi mfululizo kwa siku zisizopungua mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo haiwezi kutarajiwa kwisha ndani ya miezi mitatu kwa jumla, anahesabiwa kuwa mfanyakazi wa mwezi, mwenye haki ya notisi na siku ya mapumziko yenye malipo. Ndiyo maana wapo waajiri wanaowasimamisha watu kabla mwezi haujatimia, wakawaita tena baada ya siku chache, ili mfululizo ukatike.

Kesi za namna hii husimama au huanguka kwenye swali moja: umefanya kazi siku ngapi, na nani anajua? Zamani aliyejua ni karani na nyapara, na daftari lilikuwa lao. Sheria hiyohiyo ya Kenya inamtaka mwajiri atunze kumbukumbu, na akishindwa kuleta mkataba wa maandishi mahakamani, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye. Na tangu malipo ya simu yaanze Kenya mwaka 2007, kibarua anayelipwa kwa njia hiyo anabaki na ujumbe unaoonyesha tarehe, kiasi na jina la aliyetuma. Asiufute. Ajipange pia kuandika, kwenye daftari la shule la bei ndogo, siku aliyoingia, kazi aliyopewa na fundi aliyekuwa naye. Hicho nacho ni kibarua, kwa maana ile ya kwanza kabisa, na safari hii kimeandikwa na mwenyewe.